Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni za Kubashiri: Zamani Mnayoitangaza Siyo Tuliyoiishi

Kwa: Wakurugenzi wa kampuni za kubashiri matokeo ya michezo
Kwa: Wakuu wa mamlaka zinazozipa kampuni hizo leseni na kuzisimamia

Waheshimiwa,

YAH: MUDA NA KUMBUKUMBU ZETU MLIZOZICHUKUA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naandika kwa heshima. Naandika hadharani kwa kuwa milango ya faraghani nimeshaigonga. Niliiandikia huduma kwa wateja ya kampuni ninayobetia, nikajibiwa na mashine iliyojipa jina la binadamu. Nilipoandika tena nikapewa namba ya malalamiko. Nikauliza malalamiko yenye namba ile yamefikia wapi, nikapewa namba nyingine. Nikapeleka shauri kwa mamlaka ya leseni, nikaambiwa nirudi kwanza kwa kampuni. Jina la kampuni silitaji, maana nimeongea na wabashiri wa kampuni nyingine na hadithi zao ni hiihii. Nikiitaja moja nitakuwa nimezisafisha zilizobaki.

Kilichonifanya nishike kalamu ni tangazo. Mnalijua, mmeshalirusha sana. Picha haina rangi, mzee ameinamia kuponi, kalamu ya risasi sikioni, redio pembeni. Halafu rangi zinarudi, kijana anabonyeza simu huku anacheka. Tunaambiwa kwamba mchezo ni uleule, ila sasa umerahisishwa. Kijana hana uwezo wa kulipinga hilo kwa sababu hakuwepo. Sisi wa kizazi cha kuponi tulikuwepo, na wengi wetu bado tunabeti hadi leo, kwa hiyo pande zote mbili tunazijua.

Nianze na ilivyokuwa. Kuponi ilikuwa karatasi ndefu yenye orodha ya mechi, nyingi za timu za Uingereza na Uskoti ambazo wengi wetu hatukuwahi kuziona zikigusa mpira. Stenhousemuir. Queen of the South. Hamilton Academical. Majina tuliyatamka tulivyoweza, tukazihukumu timu hizo kama watu tuliotoka kuzifanyisha mazoezi asubuhi ileile. Kilichotafutwa ni kutabiri mechi nane zitakazoisha sare. Ulitia alama zako, ukabaki na nakala, kuponi ikaenda, na siku ya mwisho ya kupokelewa ilikuwa ya mwisho kweli. Ikishapita, umemaliza, unasubiri Jumamosi. Ligi za Uingereza zilipokwenda mapumziko, kuponi zilijazwa mechi za Australia, na hapo ubingwa wetu wote uligeuka kubahatisha, ingawa hakuna aliyekubali.

Jumamosi jioni ilikuwa ya redio. Msomaji wa matokeo wa BBC, James Alexander Gordon, aliyeifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa hadi 2013, alikuwa na namna yake ya kupandisha na kushusha sauti. Akishataja timu ya nyumbani na mabao yake, basi kwa jinsi anavyolianza jina la timu ya pili ulikwisha kujua kama ni sare, au mgeni kashinda, au mgeni kalala. Watu walitia alama kabla hajafika kwenye namba. Mimi naikumbuka sauti ile kuliko ushindi wowote, labda kwa kuwa ushindi wenyewe ulikuwa haba.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa kusafi. Wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kuuza fainali za besiboli za 1919; mahakama iliwaachia 1921, lakini mchezo ukawafungia maisha. Nchini Uingereza, Peter Swan, Tony Kay na David Layne walifungwa jela 1965 kwa sababu ya mechi ya Desemba 1962 ambayo timu yao, Sheffield Wednesday, ilifungwa na Ipswich Town huku wao wakiwa wamebeti kwamba itafungwa. Italia 1980, Milan na Lazio zilishushwa daraja. Paolo Rossi alifungiwa, mwenyewe akikana, na miaka miwili baadaye akaibuka mfungaji bora wa Kombe la Dunia. Haya nimeyaleta mwenyewe ili mtakaponijibu msipoteze karatasi kunikumbusha kashfa za kale.

Hoja yangu ni kwamba ubashiri wa zamani, pamoja na uchafu wake wote, ulimwachia mtu vitu viwili: muda wa kufikiri, na kumbukumbu ya alichokifanya. Vyote viwili mmevichukua, kisha mkavipiga picha na kuvitia kwenye tangazo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnaijua historia yangu kuliko ninavyoijua mimi, na hamtaki kunipa

Niliomba kitu chepesi: taarifa kamili ya akaunti yangu tangu siku niliyoifungua. Nimeweka kiasi gani, nimebeti kiasi gani, nimetoa kiasi gani, na mwisho wa hesabu nimebaki juu au chini. Programu yenu inaonyesha mikeka, yaani madau niliyoyaweka, ya karibuni tu. Ukirudi nyuma zaidi, orodha inakatika. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba taarifa za nyuma hazipatikani.

Hazipatikani kwa nani? Kampuni hiyohiyo inanitakia heri ya siku ya kuzaliwa. Inajua timu nisiyoweza kuiacha hata ikiwa inacheza ovyo. Inajua kuwa Jumapili jioni ndiyo saa yangu, na nikikaa kimya kwa muda inanitumia dau la bure kunikumbusha kwamba ipo. Taarifa hazikupotea. Zinafanya kazi kila siku, isipokuwa zinamfanyia kazi mtu mmoja tu kati yetu wawili.

Enzi za kuponi nakala ilikuwa yako. Nilimfahamu mzee mmoja aliyezitunga kwenye waya, wiki baada ya wiki, na msimu ulipokwisha alizishusha zote akakaa na daftari akajumlisha. Kila mwaka siku hiyo hakusemeshwa na mtu. Lakini hesabu aliipata, tena ya kweli, na mwaka uliofuata alipunguza au aliendelea akijua anachokifanya. Asiye na karatasi anabaki na kichwa chake, na kichwa cha mbashiri kinajulikana: mkeka uliotiki, yaani ulioshinda, miaka kadhaa iliyopita anaweza kukusimulia mechi kwa mechi, dakika kwa dakika, pamoja na penalti ya mwishoni. Iliyochanika, yaani iliyopotea, wiki hii hazikumbuki hata timu zake. Nyinyi mnalijua hilo. Ndiyo maana ushindi kwenye skrini yenu unang'aa kwa rangi na vifijo, na mkeka uliochanika unazama kimya hadi chini ya orodha, kisha unatoweka.

Australia, kampuni za kubeti kwenye mtandao zinalazimika kumtumia mteja taarifa kila mwezi ikionyesha alichotumia, alichoshinda na alichopoteza. Makampuni ni ya kazi hiihii yenu, na hayajafa.

2. Anayeshinda anabanwa, anayepoteza anabembelezwa

Mwaka 1867 huko Paris, Joseph Oller alianzisha kwenye mbio za farasi utaratibu ambao ndio mzazi wa kuponi zetu. (Ni Oller huyuhuyu aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa Moulin Rouge 1889, kila mtu na vipaji vyake.) Madau yote yanaingia chungu kimoja, mwandaaji anakata asilimia yake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Mwandaaji hana haja ya kumwombea mtu mabaya. Ashinde huyu au yule, kipande chake ni kilekile. Kampuni za kuponi za mpira zilifuata njia hiyo. John Moores na wenzake wawili walipoanzisha Littlewoods 1923, walisambaza kuponi 4,000 nje ya uwanja wa Old Trafford, zikarudi 35. Karibu waache. Biashara ilipokuja kukua, aliyepata sare nane alilipwa kwa fedha za waliokosa, na picha yake ikatangazwa kwa fahari.

Odi za leo, yaani viwango vya malipo vinavyopangwa na kampuni yenyewe, ni jambo jingine. Hapa kampuni ndiyo mpinzani wangu. Nikishinda, natoa mfukoni mwake. Hilo nalikubali, ndio mchezo wenyewe. Nisilolikubali ni mpinzani anayechagua kucheza na wale tu anaowafunga. Mtu akianza kupatia mara kwa mara, anakuta kiwango chake cha juu cha dau kimeshushwa hadi visarafu, bila taarifa, bila sababu, wakati mwingine kwa aina moja ya dau na wakati mwingine kwa akaunti nzima. Jirani yake anayepoteza kila wiki anapewa msimamizi wake binafsi wa kumpigia simu na kumjulia hali. Hili halimo kwenye tangazo lolote nililowahi kuliona. Mngekuwa wakweli mngeandika kwamba huduma hii ni kwa wanaoshindwa.

Na msiniambie haiwezekani kuendesha biashara bila kumbana mshindi. Jimbo la New South Wales, Australia, tangu 2014 lina kanuni za mbio za farasi zinazomlazimu mchukua madau kupokea dau la mtu yeyote hadi kiwango kilichowekwa, awe mshindi wa kila wiki au mgeni. Walilia, kisha wakaendelea na kazi.

3. Kasi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uongo wa tangazo ulipo.

Majira ya baridi ya 1963 viwanja vya Uingereza viliganda. Mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki, na kuponi zikafutwa. Kampuni zilipoona hasara imezidi, ziliunda jopo la wataalamu lililokutana mara ya kwanza tarehe 26 Januari 1963 mjini London, likiwa na wachezaji wa zamani kama Tom Finney na Tommy Lawton na mwamuzi Arthur Ellis. Kazi yao ilikuwa kuamua mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje kama zingechezwa. Watu wazima wamejifungia chumbani wakibashiri kilichobashiriwa na mamilioni! Ni kituko, na mimi nakipenda. Ila angalieni ilichukua muda gani hadi kituko hicho kutokea. Mpira uliposimama, ubashiri nao ulisimama, watu wakakaa majumbani na fedha zao.

Linganisheni na 2020. Janga lilisimamisha karibu ligi zote duniani, na hamkupumzika hata Jumamosi moja. Mlituletea ligi ya Belarus, ambayo iliendelea kuchezwa, tukawa tunajifunza majina ya timu za Minsk usiku. Mlituletea tenisi ya mezani ya watu tusiowajua, kwenye kumbi zisizo na mtazamaji. Hata hiyo ilipokwisha kulikuwa na mechi za kompyuta, zisizo na mchezaji wala nyasi, zinazoanza na kuisha ndani ya dakika chache na kufuatwa na nyingine papo hapo.

Mechi halisi nayo mmeikatakata. Nani atapata kona inayofuata. Nani ataonyeshwa kadi. Kutakuwa na bao kabla ya dakika ya 30. Zamani mtu alifanya uamuzi mmoja kwa wiki, akiwa ametulia, karatasi mbele yake, na wenzake wakimbishia. Leo anafanya maamuzi kadhaa ndani ya nusu saa, moyo ukimwenda mbio, peke yake, na dau linalofuata linabebwa na hasira ya lililopotea. Mchezo huo hauwezi kuitwa uleule. Samaki wa mtoni na wa kopo wote huitwa samaki, lakini hakuna anayesema kakuvulia wa kopo.

Waliotunga sheria zamani walilifahamu hili bila kuwa na kompyuta. Maduka ya kubeti yaliporuhusiwa Uingereza kuanzia tarehe 1 Mei 1961, sheria ilikusudia yasivutie. Dirisha lisionyeshe ndani. Televisheni marufuku, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1986. Mtu aruhusiwe kuweka dau lake, asishawishike kukaa. Na Australia, sheria ya 2001 inakataza kubeti kwa mtandao mechi ikiwa inaendelea. Anayetaka kufanya hivyo apige simu aongee na mtu, au aende mwenyewe. Simu moja tu, na nusu ya wazimu unaisha njiani.

4. Fedha zinaingia kwa kasi ya umeme, zinatoka kwa kutambaa

Hili ni fupi. Nikiweka fedha, sekunde. Nikitaka kutoa, maombi yangu "yanahakikiwa". Wakati wote wa uhakiki kuna kitufe cha kufuta ombi na kurudisha fedha mchezoni, kikubwa, chenye rangi ya kupendeza. Utambulisho wangu haukuhitaji uhakiki nilipokuwa naweka.

Enzi za kuponi nchini Uingereza, kwa kuwa sheria ya 1920 ilikataza kubeti mpira kwa fedha taslimu, kampuni zilipokea kuponi kwanza na malipo wiki iliyofuata. Zilimwamini mteja kwa posta. Nyinyi hamniamini na fedha ambazo tayari ni zangu.

5. Matangazo

Mpira siku hizi hautazamiki bila nyinyi. Mko kifuani mwa mchezaji, pembeni mwa uwanja, mdomoni mwa mtangazaji anayesoma odi kabla hajasoma vikosi. Mtoto anayejifunza majina ya timu anajifunza na majina yenu. Italia ilipitisha sheria ya kuyapiga marufuku matangazo ya kamari 2018. Hispania, kwa amri ya 2020, iliyasukuma redioni na kwenye televisheni hadi kati ya saa saba na saa kumi na moja usiku. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana 2023 kuondoa nembo za kampuni za kubeti kifuani mwa jezi za mechi baada ya msimu wa 2025/26. Tena hizo ni nchi zenye mapenzi ya mpira na mapenzi ya kubeti pia.

Majibu yenu nayajua, hivyo nitayasogelea kabla hayajatumwa.

Mtasema mtu mzima anaamua mwenyewe. Naam, na mimi ni mtu mzima. Nipeni hesabu yangu niamue nikiwa nayo mkononi. Kunificha takwimu za akaunti yangu halafu kunisifia uhuru wa kuamua ni dhihaka.

Mtasema mkibanwa, wateja watakimbilia kampuni zisizo na leseni. Hoja hii ina uzito, sitaipuuza. Uingereza ilipiga marufuku madau ya mitaani 1906, na kwa zaidi ya nusu karne wapokea madau walijaa kwenye pembe za barabara, wakiwa na vijana wa kuwaangalizia polisi. Marufuku haikufua dafu. Lakini mimi siombi marufuku, naomba risiti. Nani atakimbilia gizani kwa sababu kampuni imempa taarifa ya akaunti yake? Ninaowajua waliokwenda kwa wasio na leseni walikwenda baada ya nyinyi kuwabania madau kwa kosa la kupatia. Hao mliwasindikiza wenyewe.

Mtasema mnalipa kodi na kudhamini michezo. Kweli, na ahsanteni. Italia nayo ilianzisha Totocalcio 1946, kuponi ya kujaza 1 (mwenyeji kushinda), X (sare) au 2 (mgeni kushinda), ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na mechi 13, na kuanzia 1948 mapato yake yalipitia Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo na kuulisha mchezo wa Italia kwa miongo. Kuponi moja kwa wiki. Hakuna aliyelazimika kubetia tenisi ya mezani saa tisa usiku ili uwanja upate nyasi.

Mtasema teknolojia imebadilika na hairudi nyuma. Haitakiwi irudi. Norwe wanatumia teknolojia hiyohiyo: kwenye kampuni yao ya taifa kila mchezaji amesajiliwa, na kuna kikomo cha anachoweza kupoteza kwa mwezi. Mtambo unaoweza kunipangia odi ya kona inayofuata kabla mpira haujatoka nje, unaweza pia kunijumlishia madau yangu ya miaka yote. Kilichokosekana ni nia.

Kwa hiyo, kwa wakurugenzi wa kampuni, naomba yafuatayo:

(a) Kila mteja apate, bila kuomba, taarifa ya kila mwezi ya alichoweka, alichobeti, alichotoa na tofauti yake, pamoja na jumla tangu afungue akaunti. Iwe kwenye ukurasa wa kwanza, isifichwe nyuma ya menyu nne.

(b) Kiwango cha chini cha dau ambacho hamtamkatalia mteja yeyote, na kama mnambana mtu, aambiwe kwa maandishi kwamba amebanwa na kwa nini.

(c) Uhakiki wote wa utambulisho ufanyike kabla ya kupokea fedha za mteja. Kitufe cha kufuta ombi la kutoa fedha kiondoke.

(d) Mechi za kompyuta ziondolewe kwenye ukurasa mmoja na michezo halisi. Anayezitaka azitafute.

(e) Tangazo la mzee na kuponi lishushwe, au liongezewe kwamba mzee yule alisubiri wiki nzima na alibaki na nakala.

Kwa wakuu wa mamlaka: nyinyi ndio mliotoa leseni, na masharti ya leseni yameandikwa na kalamu yenu. Wekeni (a) hadi (d) kwenye masharti. Wekeni muda wa lazima kati ya dau moja la mechi inayoendelea na jingine. Sitabishania dakika ngapi, wekeni tu. Na mfungue dawati la malalamiko ambalo halimrudishi mlalamikaji kwa anayemlalamikia. Mteja akishapeleka shauri kwa kampuni na kampuni ikanyamaza, shauri liwe lenu.

Sifungi akaunti na siwaombei mfunge kampuni. Napenda kubeti, napenda kubishana juu ya kikosi, kutafuta sare ambayo hakuna aliyeiona, kushinda kidogo na kuongea sana. Barua hii ingekuwa rahisi kupuuza kama ingetoka kwa anayeuchukia mchezo. Imetoka kwa mteja.

Nategemea majibu kabla ya msimu mpya wa ligi kuanza, yatolewe hadharani ili na wenzangu wayasome. Wakati mnayaandaa, ombi langu la taarifa kamili ya akaunti liko kwenye mfumo wenu, halijajibiwa. Mnaweza kuanza na hilo leo.

Wasalaam,

Mbashiri wa kizazi cha kuponi

Nakala: Vyama vya kutetea watumiaji wa huduma, viongozi wa klabu zinazodhaminiwa na kampuni za kubashiri, wabashiri wote